Mpangaji Habomoi Ukuta

Nyumba ya kupanga wote tunaijua. Vyumba sita, choo kimoja, uani karo na kamba ya nguo. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, na humo ndani yeye ndiye mfalme. Apake rangi ya zambarau, atundike picha ya timu yake, alale kichwa kiangalie mlangoni, hakuna wa kumuuliza. Lakini akitaka kutoboa ukuta apitishe waya, au kuichokonoa mita ya umeme, sharti amwone mwenye nyumba. Si kwamba mpangaji ni mhuni. Ni kwamba ukuta wa chumba chake ni ukuta wa jirani pia, na nyaya zikishika moto haziulizi nani kalipa kodi na nani kachelewa.

Katika kompyuta mwenye nyumba huitwa msimamizi, au kwa lugha yetu ya ofisini, admini. Mpangaji ni mtumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida anaandika barua, anapiga mahesabu, anafungua baruapepe, anachapa, na bosi akitoka anaangalia mpira. Admini yeye anaweza kuingiza programu mpya, kuzima kinga ya virusi, kufungua folda za watu wengine, na akimaliza akafuta nyayo zake. Katikati ya watu hao wawili ndipo ninapopatia ugali wangu.

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mapenzi, za mitaa na za safari. Leo nivumilieni niandike habari za kazi. Usiku mimi ni mwandishi, au niseme mtu anayetaka kuwa mwandishi. Nina riwaya inayokwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mchana nalinda laptopu 34 za kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam. Jina lake halina haja. Niliishia kidato cha sita, ada ya kuendelea ikakosekana, nikakaa kijiweni mwaka mzima nikihesabu daladala. Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, nikajifunza kufungua mashine, kuzisafisha na kuzifufua. Kutoka hapo nikapata kibarua hiki. Mama na mdogo wangu anayesoma wanakitegemea pamoja nami, kwa hiyo mnaposoma habari ya kumkatalia mkubwa huko mbele, kumbukeni kwamba sikuwa nacheza.

Siku ya kwanza kazini nilikuta kila aliyepewa laptopu ni admini wa laptopu yake. Fundi aliyenitangulia alipanga hivyo ili asisumbuliwe. Namwelewa. Mtu mmoja, mashine 34, na kila saa simu: "Kijana, inaniambia sina ruhusa." Ukishawapa wote ruhusa, simu zinanyamaza. Zaidi ya hapo, kila mashine ilikuwa na akaunti ya admini ya akiba, na neno lake la siri lilikuwa moja kwa zote: jina la kampuni na 123. Hata mlinzi wa getini alilijua. Hiyo ilikuwa nyumba ya vyumba 34 yenye ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe umetundikwa kwenye mwembe.

Wiki ya tatu kasheshe likaingia. Jamaa mmoja wa mauzo alitaka programu ya kutengenezea mabango, lakini ya kulipia hakuitaka. Rafiki yake akampa flashi. Ndani ya flashi mlikuwa na programu, na pembeni yake kidude cha kuvunja kufuli ili isidai malipo. Kidude kikamwambia: zima kwanza kinga ya virusi. Akazima. Kwa nini mashine ilimtii? Kwa sababu alikuwa admini, na kompyuta haibishani na mwenye nyumba. Kilichokuwa ndani ya kidude kile kikaamka, kikalipata lile neno la siri la mashine zote, kikahamia laptopu nyingine mbili na folda ya pamoja. Saa sita mchana nyaraka hazifunguki, na kila folda ina barua ya Kiingereza kibovu inayodai fedha za mtandaoni.

Kwa mtu wa nje hizo ni faili tu. Kwetu zilikuwa makaratasi ya makontena matatu. Kontena likizidisha siku zake bandarini linalipiwa, kesho na keshokutwa, iwe mvua iwe jua. Mama mmoja anayeagiza mitumba, ambaye mtaji wake wote ulikuwa ndani ya kontena mojawapo, alikuja akakaa mapokezi siku mbili. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza kwa upole tu, "Wanangu, bado?" Afadhali angetutukana. Kampuni haikulipa fidia. Tulirudisha kilichokuwepo kwenye diski ya akiba ya Ijumaa iliyopita, kilichobaki tukakichapa upya kutoka kwenye makaratasi, usiku na mchana, watu sita na chupa za chai. Siku ya tatu mzigo wa yule mama ukatoka.

Baada ya hapo mkurugenzi akaniita. "Unataka nini ili hili lisirudi?" Nikamwambia: nataka kila mtu awe mpangaji. Akacheka, akadhani natania.

Nilikuwa nimeanza kusoma habari hizi mwenyewe, na ni habari za zamani. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika makala ndefu juu ya kulinda habari zilizomo ndani ya kompyuta. Wakati huo kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, kama bomba la maji la mtaa. Mojawapo ya kanuni zao ni kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache kabisa zinazotosha kuimaliza kazi yake. Si kwamba anyimwe, apewe kinachotosha. Baadaye kompyuta zikawa za mtu mmoja mmoja, na kanuni ikasahaulika mitaani. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, akaunti ulizofungua wakati wa kuisimika nyumbani zilikuwa za admini moja kwa moja. Toleo la Vista, lililoingia madukani mwanzoni mwa 2007, likaanza kuuliza kabla ya kukubali mabadiliko makubwa: skrini inafifia, kisanduku kinatokea, unaulizwa kama kweli unataka. Watu wakakasirika. Wengi mpaka leo hubonyeza ndiyo bila kusoma, kama abiria anayeitikia "twende" kabla hajajua gari linaelekea wapi.

Na anayedhani haya ni mambo ya vikampuni vidogo, asikilize kisa cha Maersk, wale wenye makontena tunayoyaona kila siku bandarini. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kiliingia Ukraine kwa mlango wa apdeti ya programu ya uhasibu. Kilikuwa na hila mbili. Ya kwanza ilikuwa kupenya kwenye ufa wa Windows ambao tayari ulikuwa na kiraka chake, kwa waliojali kukibandika. Ya pili ndiyo iliyonifanya nisimame niwashe taa: kilikuwa kinachukua majina na maneno ya siri yaliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha kinayatumia kuingia mashine ya pili. Kikimpata admini mwenye ruhusa kila mahali, basi kiraka chako hakisaidii kitu, maana adui anaingia kwa ufunguo halali. Mwenyekiti wa Maersk alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kwa siku kumi.

Halafu kuna sehemu inayotuhusu Waafrika. Kama alivyoandika Andy Greenberg katika jarida la Wired mwaka 2018, seva zote zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao ziliungua, isipokuwa moja tu, iliyokuwa Ghana. Ilipona kwa nini? Umeme ulikuwa umekatika! Ilikuwa nje ya mtandao kirusi kilipopita. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kuituma nakala yake Uingereza. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege mpaka Nigeria, akakutana uwanjani na mfanyakazi mwenzake, akamkabidhi diski, na yule ndiye aliyeipeleka London. Kampuni kubwa kama hiyo iliokolewa na mgao wa umeme na mkono wa mtu uwanja wa ndege. Kama ningeyatunga hayo kwenye riwaya, mhariri angenirudishia aseme nimezidisha chumvi.

Basi tulifanya nini sisi wenye laptopu 34? Nitaeleza kwa ufupi, maana naona wengine mmeanza kupiga miayo.

Kwanza, kila mtu alipewa akaunti ya kawaida. Kila mtu, na mimi nikiwemo. Asubuhi nafungua laptopu yangu kama mpangaji. Baruapepe zangu nasoma nikiwa mpangaji. Kazi ya kimsimamizi ikitokea, natumia akaunti nyingine yenye jina lake na neno lake la siri, na kila nilichofanya kinaandikwa. Mtu wa kompyuta anayeshinda kutwa katika akaunti ya admini ni kama askari anayeoga na bunduki.

Pili, lile neno la siri moja tulilizika. Kuna chombo cha Microsoft kiitwacho LAPS. Kilitolewa bure mwaka 2015, na tangu Aprili 2023 kimo ndani ya Windows yenyewe. Kazi yake ni kuipa kila mashine neno lake la siri la admini, refu, la ovyo ovyo, lisilofanana na la mwenzake, na kulibadilisha kila baada ya siku kadhaa. Maneno hayo hukaa mahali pamoja panapofunguliwa na wachache. Likivuja la laptopu moja, limevuja la laptopu moja, na baada ya siku chache hata hilo ni mfu.

Tatu, diski zote zilisimbwa, yaani kila kilichomo kiligeuzwa kuwa kitu kisichosomeka mpaka mwenyewe aingie. Ufunguo wa dharura wa kila diski una tarakimu 48, nao unatunzwa ofisini, haubandikwi chini ya laptopu kwa selotepu.

Nne, niliketi na kila idara nikaandika wanachotumia. Uhasibu wanataka nini, mauzo wanataka nini, watu wa forodha wanataka nini. Programu zao nikaziweka tayari, printa zao nikaziunganisha tayari. Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Mwaka 2021 uligundulika ufa mbaya katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapaji, na Agosti mwaka huo Microsoft ikaamua kwamba kusimika programu za printa kutoka kwenye seva kuhitaji haki za admini. Ni uamuzi wa busara, lakini ukishawanyima watu uadmini, usipowaandalia printa mapema, utaitwa mara kumi kwa siku na utaitwa majina ambayo mama yako hakukupa.

Hayo ndiyo ya kiufundi. Ugumu wenyewe haukuwa huko. Ugumu ulikuwa kwenye heshima.

Tuna mkuu wa fedha, mzee mwenye mvi, aliyeanza kazi pale mimi sijazaliwa. Alhamisi moja jioni akaniita ofisini kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fanya upesi, kesho alfajiri nasafiri Tunduma. Niandikie hapa hiyo paswedi ya admini." Akanisukumia kikaratasi na kalamu.

"Mzee, niambie unataka kufanya nini huko, nikutengenezee sasa hivi."

"Sijakwambia unitengenezee. Nimekwambia uniandikie."

Wewe uliyelelewa Uswahilini, jiweke hapo. Tumefundishwa kwamba mkubwa akikutuma unakwenda. Akikuomba maji humuulizi kama ana kiu kweli. Nikabaki nimesimama, kalamu mbele yangu, nikiona kibarua kinaanza kuota nyasi. Nikamwambia kwamba kwa utaratibu mpya siwezi kuiandika, nikamwomba radhi.

Akavua miwani. "Kwani mimi mwizi? Hundi za kampuni hii nasaini mimi. Mamilioni yanapita mkononi mwangu miaka yote, leo mtoto mdogo ananinyima kompyuta!"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye vitabu nilivyosoma. Mzee hakuwa anataka paswedi. Alikuwa ameumia. Kwake yeye, na kwa wengi pale ofisini, ruhusa ilikuwa cheo. Kuiondoa ilikuwa kama kumhamisha kiti mbele ya watu. Nilikuwa nimewaza virusi, sera na diski, wao walikuwa wanawaza, "Hivi hawaniamini?"

Nikamwambia, "Samahani mzee, naomba nikuulize. Hundi unasaini peke yako?"

Akanitazama. Hundi za kampuni ile zina saini mbili, yake na ya mkurugenzi. Kila mtu anajua.

"Hamsaini wawili kwa sababu mmoja wenu ni mwizi," nikasema. "Ni ili mtu wa nje akiiba kalamu ya mmoja, asiweze kuchukua fedha. Na hii ndiyo hiyo hiyo. Hata mimi mzee sina. Njoo uone laptopu yangu." Nikamwonyesha: nikajaribu kuingiza programu, skrini ikafifia, kisanduku kikanidai neno la siri kama kinavyomdai yeye.

Hakusema nimeshinda. Wazee hawasemi hivyo. Alivaa miwani yake, akasema, "Utanikwamisha Tunduma, kijana, na nikikwama nitajua la kufanya." Akatoka, akaniachia laptopu mezani.

Nilikaa nayo mpaka saa mbili usiku. Nikapiga simu Tunduma nikauliza wana printa gani, nikaisimika. Nikajaribu modemu yake. Nikahakikisha naweza kuifikia mashine kwa mbali nikiwa popote penye intaneti. Jumamosi, niko kwa kinyozi nusu ya kichwa kimenyolewa, simu ikaita: printa waliyonitajia imekufa, wameleta nyingine. Nikamwomba kinyozi asubiri, nikafungua laptopu yangu magotini, nikaingia kwenye ya mzee, nikamaliza ndani ya dakika kumi na moja. Upande wa pili nikasikia karatasi inatoka. Mzee akasema, "Ahsante," akakata simu. Kinyozi akaniuliza, "Wewe ni daktari?"

Jumatatu mkurugenzi akaniita. "Mzee amekushtaki. Anasema una kiburi." Akanyamaza kidogo. "Anasema pia printa ilifanya kazi." Kisha akataka orodha ya wenye uadmini. Nikampa. Akaisoma mara mbili, maana ilikuwa na mistari miwili tu. "Mimi simo?" Nikamjibu, "Humo, bosi." Nilidhani sasa ndiyo basi. Akachukua kalamu, akaandika pembeni "Nimekubali", akasaini. Utaratibu ule ukachapwa ukurasa mmoja, ukabandikwa. Tangu siku hiyo sikatalii watu mimi. Inakataa karatasi yenye saini ya mkubwa kuliko wote, na yeye mwenyewe hana.

Miezi michache baadaye dada mmoja wa mauzo alinyang'anywa mkoba na watu wa pikipiki maeneo ya Buguruni, laptopu ikiwa ndani. Alifika ofisini analia, magoti yamechubuka. Tukampa pole, tukampa maji, tukaandikisha polisi. Niliagiza mashine ile ijifute yenyewe pindi itakapogusa intaneti. Waliyoiba waliiba bati na kioo. Namba za simu za wateja, nakala za hati zao za kusafiria, vyote vilikuwa ndani ya diski iliyosimbwa. Na hilo si suala la kampuni peke yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya habari za watu ana wajibu wa kuzilinda. Yule mama wa mitumba naye jina lake na namba zake zimo humo. Yeye hajui chochote kuhusu diski. Anatuamini tu.

Sitaki niwauzie dawa ya kutibu magonjwa yote, kama wale wa stendi. Kumnyima mtu uadmini hakuzuii kila kitu. Ziko programu zinazojisimika ndani ya chumba cha mpangaji bila kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Mtu akidanganywa kwa baruapepe akatoa neno lake la siri, amelitoa. Kirusi kikiingia kama mpangaji kinaweza bado kuchoma godoro la mpangaji huyo, yaani faili zake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kuibomoa nyumba nzima ni kazi ngumu zaidi kwake. Ndiyo maana nakala za akiba hatukuziacha, na apdeti tunazisukuma kila wiki.

Na kuna jambo moja ambalo watu wa kazi yangu hawapendi kuambiwa. Ukimnyima mtu ufunguo, lazima uwe mwepesi kumfungulia mlango. Mhasibu akiomba programu Jumatatu ukamjibu Alhamisi, Jumanne atakuwa ameshapeleka kazi ya kampuni kwenye simu yake au kwenye laptopu ya mpwa wake, na hapo ulinzi wako ni pazia. Mimi nimejiwekea saa moja. Ombi likija, ndani ya saa moja nimelishughulikia au nimemweleza mtu kwa nini haiwezekani. Tangu nianze hivyo, wanaoomba uadmini wamepungua wenyewe. Wengi hawakuwa wanataka mamlaka. Walikuwa wanataka printa ifanye kazi.

Yule mzee wa fedha hatukuwahi kulizungumza tena. Ila mwezi uliopita alikuja mezani kwangu na kijana mrefu mwenye haya, mtoto wa marehemu dada yake, kamaliza kidato cha nne hana la kufanya. "Huyu akae hapa ajifunze," akasema. "Lakini usimpe paswedi." Akaondoka bila kucheka, nami mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Sasa nizungumze na ninyi wenzangu mnaoandika, maana najua wengi wenu mnaandika kwenye laptopu ya kununua mkononi, mnayotumia pamoja na kaka, shangazi na mtoto wa jirani anayekuja kucheza gemu. Nimeshaletewa Kariakoo mashine ya mtu mwenye machozi: diwani nzima ya mashairi imepotea kwa sababu mdogo wake aliingiza gemu la bure lililokuja na wageni. Hatukuipata hata beti moja.

Akaunti ya kwanza unayofungua kwenye laptopu huwa ya admini. Iache hiyo iwe ya mwenye nyumba. Ipe neno la siri, usiitumie kila siku. Nenda kwenye mipangilio ufungue akaunti ya kawaida yako, na nyingine ya wageni wa nyumbani. Andika ukiwa mpangaji. Kisanduku kikitokea kukudai neno la siri na wewe hukuwa unaingiza programu yoyote, usiandike kitu. Mtu anagonga ukuta. Faili ya kazi yako iwe na nakala tatu, na moja isikae nyumba moja na laptopu.

Riwaya yangu imefika sura ya tisa. Nakala moja ipo kwenye mashine, moja nimejitumia kwa baruapepe, na ya tatu iko Mbagala kwa dada yangu, kwenye flashi, ndani ya kopo la sukari lisilotumika. Kila mwisho wa mwezi naenda kuibadilisha na kula wali. Shemeji anadhani namfuata wali tu.